Siku Abdurahman wa Msambweni Alipokuna Nazi

Njooni, enyi mlioolewa na mnaotaraji kuolewa, njooni nanyi waume ambao ndevu zimeanza kuingia mvi, mkae mkao wa kusikia. Ila kwanza punguzeni moto huko jikoni, na aliyemwacha mtoto karibu na ndoo ya maji aende akamtoe, maana habari hii ni ndefu na nzito, na ajali ya mtu isije ikasemwa imeletwa na hadithi. Mola na atupe ulimi mwepesi na pumzi ya kutosha, tuvieleze sawasawa vita alivyopigana Abdurahman, simba wa Msambweni, mkata maua mashuhuri wa hoteli za Diani, Ijumaa ile alipoingia jikoni kwa mkewe peke yake, bila jeshi, bila mshauri, na bila kujua chumvi inakaa wapi.

Vita vilianzishwa na neno moja. Wanangu, yaogopeni maneno yatokayo kinywani wakati chakula bado kimo ndani.

Mkewe, Twaiba, malkia wa mashuka, yeye ambaye kutwa husimama katika chumba cha dobi cha hoteli akikunja vitambaa vya watu wasiolijua jina lake, alirudi jioni moja miguu imemvimba, hakuketi hata kidogo, akainjika chungu, akapika mchuzi wa samaki changu. Wakaketi mkekani kwenye sinia moja kama walivyozoea tangu harusi yao. Na tangu kijana wao Feisal aende Mackinnon Road kwenye kazi ya malori, nyumba ikabaki na watu wawili na paka, sinia hiyo ndiyo ilikuwa baraza yao na redio yao. Hapo ndipo waliposemana, wakachekana, wakapeana habari za mabosi wao. Abdurahman akatia tonge. Akatafuna. Akaangalia dari kama mtu anayewaona marehemu wake wakipita huko juu. Akasema:

"Zamani, mchuzi ulikuwa mchuzi."

Salaale! Twaiba hakupiga kelele, na hapo ndipo penye hatari, maana mwanamke anayepiga kelele bado yumo katika mazungumzo. Aliutoa mkono wake kwenye sinia, akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Sawa, Baba Feisal," alisema kwa sauti laini kama pamba. "Ijumaa mama anakuja kutoka Jego. Mimi niko kazini mpaka laasiri. Huo mchuzi wa zamani utampikia wewe."

"Mimi?"

"Si wewe unayeujua? Mimi nimejifunza huu wa juzijuzi tu, miaka yote hii niliyokaa kwako."

Tokea hapo akawa anampakulia mumewe kwa heshima zote, kisha anarudi jikoni kula peke yake, ameikalia mbuzi ya kukunia nazi, mgongo kauelekeza mlangoni. Na Abdurahman, shujaa aliyewahi kumtoa kima katika meza ya wageni kwa fagio tupu, akawa anakula mbele ya sinia pana kama uwanja wa ndege wa Ukunda. Usiku wa pili aliapa moyoni mwake. Mchuzi haukumhusu tena. Alichokitaka ni ule mkono urudi kwenye sinia.

Ijumaa ikafika. Shujaa aliswali, akarudi, akaivua kanzu, akakifunga kikoi magotini kwa mafundo mawili, akajipiga kilemba cha taulo. Akasimama mlangoni pa jiko akahutubia.

"Enyi masufuria, na wewe mwiko, na wewe kifumbu cha kukamulia tui uliyetundikwa msumarini! Mmeishi chini ya utawala wa mwanamke mpaka mkadhani nyumba hii haina mwanamume. Leo mtanijua!"

Paka alipiga miayo, akageukia upande wa pili.

Wali ulisalimu amri mapema. Samaki walikaangwa, wakatii, ila mmoja aliyeng'ang'ania chombo akavunjika kiuno. Kisha ikaja zamu ya mbuzi. Ambaye hajaiona aelewe: ni kigoda cha kukunja chenye ulimi mrefu wa chuma, na ncha ya ulimi huo ina meno, na meno hayo hayachagui nazi wala kidole. Mwiteni mtoto aliye karibu na kitu hicho. Wanawake hukikalia upandeupande, kwa adabu. Abdurahman alikipanda kama farasi, mguu huku na mguu huku, ulimi wa chuma umemchomoza mbele kama mkuki.

Akaisukuma nazi. Krrr! Ikamponyoka, ikabingirika hadi mlangoni. Akaifuata kwa magoti, akaikamata, akarudi. Krrr! Chicha za nazi zikaanza kudondoka siniani, nyeupe kama povu la pwani, na jasho nalo likadondoka, Mungu ajalie lisiwe limedondoka humo humo.

Nyuma ya ua wa makuti alikuwapo jirani, Enos, mtu wa bara anayelinda majumba ya Wazungu huko Diani usiku, na mchana ndio hulala. Krrr ile ikamtoa kitandani.

"Mzee Abdu! Hiyo ni nini unakata, bati?"

"Nakuna nazi, jirani."

"Wewe? Wacha! Mama ameenda wapi?" Enos akachungulia, akajishika kichwa. "Mzee wangu, si ununue tu tui ya mkebe? Iko kwa supamaketi hapo Ukunda. Unafungua, unamwaga, stori imeisha."

Jamani, hapo ndipo shetani husimama, akiwa na sauti nzuri ya jirani mwema. Abdurahman aliishusha nazi yake, akainua kifua.

"Enos, ndugu yangu, nakuheshimu. Lakini mama mkwe wangu ni Bi Mwanaima wa Jego. Mwanamke huyo akionja tui, atakwambia mnazi wenyewe uliegemea upande gani. Mkebe? Nimlishe bati mama wa mke wangu? Afadhali nikunie meno yangu mwenyewe!"

"Haya, baba. Basi chunga vidole, hospitali leo foleni iko mbaya."

Akaendelea. Kifundo cha kidole kikaguswa, tone moja la damu likatoka, akalifyonza akaendelea. Akachanganya maji, akakamua katika kifumbu, akapata bakuli la tui zito. Akakamua tena, akapata bakuli la tui jepesi. Na hapo, ndugu zangu, wakati ushindi umekaribia kama mlango wa nyumba, ndipo fikira zake zilipompotosha.

Kwani alijiuliza: askari wepi watangulie? Akajijibu kama jemadari: wenye nguvu mbele. Akalimimina tui zito lote chunguni, juu ya nyanya na bizari zinazotokota, akalifunika, akachochea moto, akatoka kwenda kujisifu uani.

"Enos! Usilale! Njoo unuse!"

Wakanusa. Wakasifiana. Enos akaeleza habari za mamake huko Vihiga, jinsi alivyokuwa akipika kuku, naye akapotelea huko kwao zamani, na Abdurahman akapotelea huko kwake, wanaume wawili wazima wamesimama juani macho yamelowa kwa ajili ya masufuria yaliyokwisha kutoboka. Waliporudi kwenye dunia hii, chungu kilikuwa kimechemka hadi kimechoka. Abdurahman akafunua. Tui limekatika! Mafuta ya njano yameelea juu, chini yake mabongemabonge kama maziwa ya jana, na maji yake kando yanajitazama.

Akaketi chini. Akilini alimwona Twaiba akirudi, hacheki wala hamsuti, anainua sahani yake tu na kwenda zake jikoni, leo na kesho, na mwakani. Akainuka, akachukua nazi iliyobaki, akaipasua, akapanda mbuzi tena. Hakuhutubia.

Ndipo honi ya tuktuk ikalia nje, na sauti ikapenya uani: "Hodi wenyewe! Hodi hapa!"

Bi Mwanaima! Kabla ya saa yake! Nanyi mnajua, mkwe na mama mkwe huonana kwa stara: mkwe kanzu imenyooka, mama ushungi umetulia, macho chini, maneno machache. Na huyu hapa, kifua wazi, kikoi magotini, amepanda mbuzi kama mpanda farasi! Hakuwa na pa kukimbilia. Akanyakua ungo, akajifunika nao kuanzia kidevuni hadi magotini.

"Shikamoo, Mama," ungo ukasema.

Bi Mwanaima alikuwa amekwisha kuona alichokiona. Akageuka upesi, mgongo kwa mlango, ushungi ukashuka hadi puani.

"Marahaba," akaujibu ukuta. Kisha pua yake ikafanya kazi yake. Akamtazama paka, amfanye mkalimani kati yake na mkwe. "Ewe paka, wewe unaishi humu. Kuna tui lililokatika?"

Paka hakujibu.

"Ewe paka," ikasema sauti nyuma ya ungo, "mwambie Mama lipo."

"Loo. Basi ewe paka, siku ukipika wewe, tui jepesi ndilo hutangulia, lichemke na vitu vyake. Tui zito hungoja mwisho, moto umeshapunguzwa. Na hulifuniki, wala huliachi. Unakoroga tu, mwiko hauinuki."

"Ewe paka, muulize Mama: mpaka lini?"

"Mpaka mkono ukuume. Na paka wewe, binti yangu akinipigia simu siku hizi sauti yake imekonda. Nimekuja mapema nijue inakondea nini."

Ungo ukasema polepole: "Ewe paka, mwambie Mama niliropoka kwenye chakula."

"Koroga," akasema Bi Mwanaima.

Akakamua nazi ile ya pili, akatanguliza tui jepesi, akapunguza moto, akatia zito, akakoroga! Mkono wa kulia ukachoka ukapokewa na wa kushoto. Moshi ukamwingia machoni, nzi akamtua puani, Enos akamwita, hakugeuka. Likapanda tui, likatishia kumwagika, akalituliza. Likapanda tena, akalituliza tena, mpaka likasimama zito, laini, rangi ya kiini cha yai, bila ufa hata mmoja.

Laasiri Twaiba akaingia, akavua viatu, akamsalimu mamake, akachungulia jikoni. Chakula kikapakuliwa. Bi Mwanaima akachukua sahani yake, akaelekea chumbani.

"Mie na mkwe hatuli pamoja, mwajua."

"Nakuja tule wote, Mama," Twaiba akasema, akaanza kuinuka.

"Usije. Nina njaa, sitaki kuzungumzishwa." Na komeo likasikika likifungwa kwa ndani.

Ikabaki sinia, na mkeka, na watu wawili. Abdurahman hakula. Twaiba alimtazama kile kidole kilichochubuka, akatazama kifundo cha kikoi kilichojaa chicha, akaketi upande wake wa siku zote. Akanawa. Mkono ule ukashuka kwenye sinia, ukafinyanga tonge, ukachovya, ukapanda.

Akatafuna. Wakati huo hata kuku wa Msambweni waliacha kuparua.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Imezidi," shujaa akakiri.

"Na huyu samaki kavunjika kiuno."

"Alinipinga."

Twaiba alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, na mkono wake ukarudi kwa tonge la pili, ukarudi kwa la tatu. Kisha akamsukuma bega. "Na ukoko umeuficha wapi, Baba Feisal? Lete tugawane."

Basi na ijulikane kutoka Likoni hadi Vanga, isimuliwe katika vyumba vyote vya dobi na bustani zote za Diani, kwamba Ijumaa ile mume wa mtu alikuna nazi kwa mkono wake mwenyewe, tui halikukatika mara ya pili, na mkewe akala naye hadi sinia ikang'aa. Falme zimetekwa kwa jasho dogo kuliko lile. Nanyi waume mliosikia, mchuzi wa leo upo mbele yenu na aliyeupika amechoka: ulambeni, muushukuru, mfunge midomo.