Mfuko wa Uzeeni Alioutunga Tai

Walimwita Tai. Wasiomjua walidhani ni kwa sababu ya ile ya shingoni, nyekundu, ambayo hakuivua hata jua likiwaka vipi. Waliowahi kumkabidhi hela walijua ni yule ndege.

Siku hiyo alikuwa kwenye kibanda cha kutoa kopi, karibu na lango la chuo kikuu, akisubiri nakala za hati ya kiwanja ambacho hakipo. Mbele yake wahadhiri wawili walikuwa wakinung'unika.

"Miaka kumi na saba nafundisha," alisema mmoja, "na kila miezi minne napewa mkataba mpya kama nimeanza jana. Pensheni sina, kiinua mgongo sina."

"Mgongo wenyewe umeshapinda," mwenzake akajibu. "Kitauinulia wapi?"

Tai akakisahau kiwanja. Watu wenye shahada tatutatu, wanaoogopa uzee, na hawana wa kuwasemea! Riziki ikikujia imevaa miwani, utaifukuzaje?

Wiki iliyofuata aliingia kwenye chumba cha wahadhiri wa mkataba: meza mbili, watu kumi na wanane, na kiti kimoja kilichofungwa mguu kwa kamba. Akagawa karatasi zinazong'aa. Mfuko wa Uzeeni! Ada ya kujiunga kiduchu, faida mara mbili ndani ya miaka mitatu.

"Ndugu zangu wasomi," alisema kwa sauti ya mtu anayezuia machozi, "mmesahauliwa. Mimi mwenzenu usingizi sipati."

Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja wa makamo, mwalimu wa takwimu aliyekwisha kusaini mikataba arobaini na miwili, akachomoa kalamu nyekundu.

"Tuachie mpaka Ijumaa, kaka. Tuisome."

Ijumaa Tai alirudishiwa karatasi yake inavuja damu kila mstari. Faida hii inatoka wapi? Wadhamini ni akina nani? Mwanachama akifa, mjane wake anapata nini? Na juu kabisa, ndani ya duara: 31/100. Rudia.

Tapeli huvumilia matusi. Huvumilia hata kofi, kofi likiwa na hela nyuma yake. Lakini alama zile zilimchoma Tai mahali ambapo hakujua bado pana nyama. Jioni hakugusa chakula.

"Una nini?" mkewe akauliza.

"Wamenipa thelathini na moja."

"Kati ya ngapi?"

"Usiniulize."

Akaanza kushinda maktaba. Akasoma jinsi michango inavyowekezwa, watu huishi miaka mingapi, mafao hupigiwaje hesabu. Alijiambia ni mbinu tu: kuku wa kuchinjwa hulishwa kwanza. Rasimu ya pili ikapata arobaini na nane. Ya tatu ikapata sitini na mbili, na pembeni mwalimu wa takwimu ameandika: "Unajitahidi. Kifungu cha saba kiseme mwanzilishi halipwi, utaaminika zaidi." Tai akaandika. Akaandika pia kwamba benki itatambua saini tatu, zote za wanachama. Hata ada ya kuusajili mfuko aliilipa kwa hela yake, maana ilikuwa na alama tano.

Rasimu ya tano ilirudi na themanini na nne. Vizuri sana! Mkewe aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani.

Siku ya mchango wa kwanza, hela za watu kumi na wanane zilipita mbele ya macho yake, zikaingia benki, kwenye akaunti yenye saini ya mwalimu wa takwimu, wa sheria na wa falsafa. Tai akamkimbilia yule mama mlangoni.

"Dada, kuna vigharama vyangu vidogovidogo..."

"Kifungu cha saba, kaka."

"Si uliniandikisha wewe!"

"Mimi nilipendekeza. Mwandishi ni wewe."

Tai akamtazama. "Ulinijua tangu lini?"

"Tangu ulipokosa usingizi kwa ajili yetu. Lakini tulihitaji mtu mwenye nafasi ya kuandika. Sisi tuna mitihani mia nne ya kusahihisha." Akapandisha miwani. "Una umri gani, kaka?"

"Hamsini na nane."

"Na uzeeni utakula nini? Ulimi?"

Tai akaegemea mlango. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alikuja kwa miguu; nauli ilikwenda na usajili.

"Kifungu cha pili kinampokea yeyote mwenye kazi isiyo na uhakika," mama akasema, safari hii kwa upole. "Na hicho, sikufichi, umekiandika vizuri kuliko vyote."

Tai akatoa noti yake ya mwisho. Akaishika kidogo, kama mtu anayemsindikiza ndugu anayekwenda safari ya mbali, kisha akaiachia. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, wala kumruhusu mtu amfanyie.

Akaomba risiti.