Jinsi Win Sabri Alivyoinywa Bilauri Iliyofudikizwa

Nyamazeni, nyote mnaokohoa, na ninyi mnaokoroga sukari shikeni vijiko visigonge, maana nataka kuwasimulia tendo kuu lililotendwa juu ya meza yangu yenye mguu mmoja mfupi, katika duka langu la kahawa hapa Meulaboh, mji wetu wa pwani, siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Nasikia falme zimeanguka. Nasikia kuna majeshi yaliyovuka milima yakiwa yamepanda tembo. Lakini niambieni, ni jemadari gani aliyewahi kuketi mbele ya mkwe wangu Banta, akainywa bilauri iliyofudikizwa, bila mrija, bila kuigusa kwa mkono, na leso iliyotandikwa chini yake ikabaki nyeupe? Ewe birika langu jeusi, uliyechemka siku ile ukayaona yote, nikumbushe, nisije nikaongopa kupita kiasi kinachohitajika.

Naanza na simba wa upande wa pili. Banta ni mume wa binti yangu Nuraida, na kwa mila yetu alihamia nyumbani kwangu siku alipooa, naye hajaondoka hadi leo, mwaka wa ishirini na saba huu. Ni mkubwa wa sharubu, mkubwa wa sauti, na mkubwa zaidi wa simulizi. Mji mzima wamwita Banta Mkavu, na chanzo cha jina hilo ni kahawa.

Kwetu kahawa twaisaga chenga chenga, twaitia ndani ya bilauri, twaimwagia maji yanayotokota, twafunika kisahani juu, kisha kwa pigo moja la kiganja twafudikiza vyote viwili, bilauri ikakaa kichwa chini juu ya kisahani chake, isiingie vumbi wala baridi. Mnywaji hupitisha mrija chini ya ukingo, akapuliza, kahawa ikatoka kidogo kidogo kisahanini, akaifyonza. Lakini siku Banta alipokuja kumposa Nuraida, aliutupa mrija. Alinywa kwa midomo na pumzi tu, pumzi arobaini, na halikudondoka hata tone. Hiyo arobaini ni hesabu yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza zilikuwa kumi na mbili. Na alipoiinua bilauri tupu kuwaonyesha watu, ikamkata kidole gumba, na kovu analo mpaka leo, dogo kama punje ya mchele, naye huwaonyesha wageni kama mwenzake angeonyesha jeraha la risasi.

Huyo ndiye aliyeapa mbele ya imamu wetu, Tengku Jalil, kwamba yeyote atakayemtaka binti yake na Nuraida, mjukuu wangu Safiatun, atainywa kahawa kama yeye alivyoinywa, la sivyo arudi alikotoka.

Akaja Win Sabri! Mwana wa nyanda za juu za Gayo, mrithi wa vilima vitatu vya mibuni, aliyezaliwa katika msimu wa kuchuma na kulazwa juu ya gunia. Kijana mwembamba, mpole, mwenye kahawa chini ya kucha, aliyekutana na Safiatun chuo cha ualimu akaacha kula kwa siku nne. Alishuka milima kwa basi dogo saa kumi na mbili mfululizo, akatapika mara tatu kwenye kona, na mfuko wa kahawa ya mama yake hakuuachia hata mara moja. Aliponibusu mkono nikamwona amekuwa wa kijani kama bamia.

"Bibi," akasema, "hii ni ya shambani kwetu. Mama amesema ukaange mwenyewe, usimwachie mtu."

Alijua la kumwambia mwanamke mwenye duka, nami nikampenda papo hapo.

Nikaikaanga. Nikaisaga. Nikapanda kiti, nikashusha bilauri moja ya zamani iliyokuwa juu ya kabati, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa chafu, au ndivyo nilivyosema. Nikajaza, nikafunika, nikapiga kiganja, nikafudikiza. Nikaipeleka mezani, nikaizungusha kidogo ikae vizuri, nikaiweka mbele ya kijana.

Hapo, wapendwa wangu, vita vilikaribia kwisha kabla ya kuanza. Win Sabri aliitazama ile bilauri kichwa chini. Rangi ya bamia ikamtoka, akabaki mweupe. Akasimama, akaokota kofia yake, akainama mbele ya Banta kwa adabu kubwa.

"Nimeelewa, baba," akasema. "Sitalazimisha mambo. Nawashukuru kwa kunipokea. Nisalimieni Safiatun."

Na akaenda zake mlangoni.

Tukatazamana. Imamu ndiye aliyemshika shati. "We kijana, unakwenda wapi? Posa yenyewe hata sijaisema!"

"Si mmeshanijibu?" akasema Win. "Nyumbani kwetu mama akichoka na mgeni, huifudikiza bilauri mbele yake. Mgeni anavaa viatu."

Banta alicheka mpaka sharubu zikaingia mdomoni. "Jamani! Wanailima kahawa miaka mia na kunywa hawajui! Rudi, mwanangu, rudi ukae. Huku kwetu hiyo ndiyo karibu yenyewe!"

Na kutoka nyuma ya pazia la jikoni ikatoka sauti ya Safiatun, binti mwenye haya, lulu ya Meulaboh: "Kaa chini, bwege wewe! Ndivyo inavyonywewa!"

Akakaa.

Ndipo Banta Mkavu akainuka, akavuta kifua, akachomoa leso nyeupe mfukoni, akaitandika chini ya kisahani kama anayetandika bendera ya nchi, akanena:

"Sikiliza, ewe mtu wa milimani! Miaka ishirini na sita iliyopita niliketi hapo ulipoketi. Sikupewa mrija, na wewe hupewi. Mkono usiguse bilauri, usiguse kisahani. Utainywa yote, mpaka yabaki mashapo. Tone moja likiigusa leso hii, Safiatun si wako, na basi la jioni lipo. Usipoweza kuyatuliza maji ndani ya kisahani, utamtulizaje binti yangu?"

"Baba!" likafoka pazia.

"Pazia linyamaze!"

Imamu akakohoa. "Haya, bismillahi. Mikono nyuma, kijana."

Win Sabri akaiweka mikono nyuma ya mgongo kama mateka wa vita. Akainama, kidevu juu ya meza, pua mbele ya ngome ile ya kioo, ambayo ndani yake jeshi jeusi lilikuwa limejifungia likifuka moshi. Duka zima likaacha kunywa. Hata nzi, naapa, walitua.

Na tazama, ngome ikavuja! Chini ya ukingo, upande ule uliomwelekea yeye, ukajitokeza utepe mwembamba wa kahawa, ukatambaa kisahanini, ukajaa, ukajaa, ukapanda kama mafuriko ya mto wakati wa masika, ukafika unywele mmoja chini ya ukingo wa kisahani. Safiatun alikuwa amelitafuna pazia. Kisha ukasimama. Win akanyoosha midomo, akafyonza kwa sauti ya kupasua nguo, na ndani ya bilauri povu moja likapanda, glup! Kahawa nyingine ikashuka kuchukua nafasi ya ile iliyonywewa. Akafyonza tena. Glup! Ilimuunguza ulimi, hakulia. Jasho likamtiririka puani, likaning'inia juu ya leso, na imamu, Mungu amlipe, akalipangusa kwa kilemba chake mwenyewe.

"Jasho linahesabika?" akauliza mtu.

"Jasho ni la halali," akahukumu imamu.

Fyonza, glup. Fyonza, glup. Banta aliacha kutabasamu. Bilauri ikafika nusu.

Kisha ikanyamaza.

Win akafyonza, kisahani kikakauka, na hakuna kilichoshuka. Chenga moja ya kahawa, moja tu, nene kama mende, ilikuwa imejipenyeza chini ya ukingo na kuziba mlango. Naam, askari wa jeshi lake mwenyewe, aliyelelewa na mama yake mwenyewe, amemsaliti kijana katikati ya uwanja! Mimi niliyeisaga nikajilaani kimoyomoyo.

"Aha!" akanguruma Banta. "Hapo sasa! Hapo ndipo wanaume wanapojulikana! Ukipuliza kwa nguvu, itamwagika. Usipopuliza, itapoa mpaka Idi. Omba mrija, mwanangu, si aibu. Basi lina viti vizuri."

Win Sabri alifumba macho. Baadaye aliniambia alichokiona ndani ya giza lile: mama yake amesimama uani asubuhi, ungo mikononi, kahawa iliyokaangwa imepoa, naye anapuliza makapi, pumzi laini, ya upande, isiyoinua hata punje moja bali inayoondoa ganda tu. Kazi hiyo Win aliifanya tangu hajaota meno ya mbele, na alipoyaota aliifanya vizuri zaidi. Basi akakunja midomo, akageuza shavu kidogo, na kupuliza pumzi ndogo kabisa kuliko pumzi zote zilizowahi kuamua vita.

Ile chenga ikatikisika. Ikageuka. Ikatoka, ikaelea kisahanini kama mtumbwi ulioachwa.

Glup!

Duka likalipuka kwa vifijo, na Safiatun akatoka nje ya pazia, haya yake akaiacha jikoni. "Kunywa! Kunywa, mpenzi! Usiwasikilize, kunywa!" Naye akanywa, akafyonza, akakausha, mpaka ndani ya bilauri yakabaki mashapo meusi yaliyolala hoi, na leso chini yake ilikuwa nyeupe kama siku ilipokatwa kwenye kitambaa.

Imamu akainua mikono. "Alhamdulillahi! Banta, unasemaje?"

Lakini Banta hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mimi nilitumia pumzi arobaini, huyu katumia moja. Haiwezekani! Nipeni hiyo bilauri."

Akaichukua. Akaigeuza, akaichungulia, akainusa. Akapitisha kidole gumba kuuzunguka ukingo polepole, kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Na hapo, mahali fulani, kidole kikasimama.

Palikuwa na pengo. Dogo, kama punje ya mchele. La kuingiza hewa kwa kipimo na kutoa kahawa kwa kipimo, sawasawa na chombo cha kunyweshea vifaranga. Na kovu la Banta Mkavu likaingia ndani ya pengo lile kama ufunguo ndani ya kufuli yake.

Akaniinulia macho. Miaka ishirini na sita ikapita usoni mwake, na pumzi arobaini zikaanguka moja moja. Mimi nilikuwa natazama moto. Moto ulihitaji kutazamwa sana wakati ule.

"Baba?" akasema Safiatun, sauti ndogo. "Vipi? Kuna kitu?"

"Ilete tuione na sisi," akasema imamu.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo palipokuwa na ushujaa wa pili, na sijui kama haukuushinda ule wa kwanza. Banta aliifunga bilauri ndani ya kiganja chake kipana, akakohoa, akanyoosha sharubu, akasimama wima.

"Hakuna kitu," akanguruma. "Bilauri ni nzima. Bilauri ni nzima kabisa! Amekunywa kama nilivyokunywa mimi, wala hapakuwa na tofauti yoyote. Mwoze, Tengku."

Kisha akanipitia jikoni, akaniwekea bilauri mkononi kwa taratibu nyingi, akaninong'oneza sikioni: "Mama. Na wewe ulikuwa unanipenda kiasi hicho?"

"Ulikuwa umekonda," nikamwambia. "Ukatia huruma."

Ndivyo ulivyoshinda mlima, ndivyo ulivyofunguka mji, na wanaotaka kuijua tarehe ya jambo hili waiandike hivi: Alhamisi ya Leso Kavu. Win Sabri ameshahamia kwangu, na jioni huketi pale mezani akiwasimulia wageni habari zake. Pumzi ile moja imeshafika tisa. Banta humsikiliza, hutikisa kichwa, na kumsahihisha: "Kumi na moja, mwanangu, nilihesabu mwenyewe."

Nami bilauri nimeiosha, nimeifunga kwa kitambaa, nimeirudisha juu ya kabati. Safiatun ana mimba ya miezi mitano, na mkunga anasema kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ni msichana.