Imprimante ya Kurasa Makumi Tatu kwa Dakika

Kolwezi, Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa Shemeji Kassim, mkubwa wa familia, Tenke
Neno: kumshtaki mdogo wako

Shemeji mheshimiwa,

Pokea salamu na heshima zinazokufaa. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, mdogo wako Rachid naye ni mzima, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Unajua kwamba mama yenu, Mama Rehema, tunakaa naye hapa, na kwamba tangu mwaka jana anasahau watu. Mimi ananiita "mama wa nguo", akidhani nimekuja kufua. Ndiyo maana niliamua kumtengenezea albamu: picha za jamaa, majina kwa herufi kubwa, maua ya karatasi pembeni, pamoja na picha za mtaa wetu wa zamani uliobomolewa mgodi ulipopanuliwa, kwa sababu kila asubuhi anauliza tunarudi kwetu lini. Kazi hiyo inahitaji imprimante, mashine ya kuchapa, ndogo ya nyumbani. Nilimwandikia Rachid kila kitu: iwe ya rangi, ikubali karatasi nzito, na karatasi iingilie nyuma ipite moja kwa moja bila kukunjwa. Akatia maandishi yangu mfukoni, akasema, "Mi najua bitu bya machine, mama." Shemeji, Rachid ni dereva wa lori la makaa ya kupikia kutoka Mutshatsha.

Yaliyofuata nimeyapa namba ili uyasome vizuri mbele ya kikao cha familia.

1. Alileta mashine ya ofisi, ya kuchapa na kutoa fotokopi. Ilishushwa na wanaume wanne. Aliikuta kwenye ofisi fulani iliyokuwa inahama, akaipenda kwa sababu "inatoa kurasa makumi tatu kwa dakika moja". Sikumbuki Mama kuwa na haraka.

2. Haina rangi. Nilichapa picha ya Mama akiwa na kitenge cha manjano, kikatoka kama jivu. Nilipolalamika, Rachid akasema, "Rangi inamalizaka wino."

3. Karatasi nzito inaingilia chini, inazunguka tumboni mwa mashine, inatoka imejikunja kama sambusa. Ya nne ilikwama kabisa. Rachid akaing'oa kwa koleo la gari.

4. Mashine ikipata moto, taa za nyumba nzima zinafifia. Jirani yetu Fidélie, ambaye tunatumia naye waya mmoja wa umeme, anajua saa tunayochapa kwa sababu pasi yake inapoa mkononi. Ametuma salamu za hasira, nami nazifikisha kwako kama zilivyo.

5. Watu wamesikia. Wanakuja na kadi za kura na vyeti vya kuzaliwa, wanajaa sebuleni kungoja fotokopi. Wiki iliyopita Tata Omer, mwalimu wa jirani, alikalia kiti cha marehemu baba yenu, na Mama akamwamkia kama mume wake. Tata Omer, kwa adabu, akaitika.

6. Mtu anayechagua mashine bila kuuliza ni ya kazi gani, huenda na mke alimchagua hivyohivyo. Miaka kumi na tisa nimeamini kwamba nilichaguliwa. Sasa nadhani nilionekana tu, siku ambayo nyumba ya baba yangu ilikuwa inahama.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue kwamba Rachid asichague tena kitu chochote kilicho kikubwa kuliko mkate, na kwamba mashine irudi ilikotoka, naye aibebe. Ikishindikana kuondoka mashine, basi aondoke yeye, aje kuishi kwako Tenke, maana sebule haiwatoshi wote wawili. Katika albamu nitamweka ukurasa wa mwisho, pamoja na wageni.

Unisalimie mke wako, watoto, imamu, na majirani wote wa upande wa reli. Nangoja uamuzi wako kwa unyenyekevu wote ulionibakia.

Mke wa mdogo wako,
Bilkisi

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha nimemkuta Rachid mkekani na Mama. Alikuwa amechapa picha zote za zamani, kila moja ukurasa mzima, kwenye karatasi ya kawaida, bila ua hata moja, akazishona kwa uzi wa magunia. Mama alikuwa anataja majina. Hakukosea. Nyingi ya picha hizo hazikuwa na rangi tangu zilipopigwa; mimi ndiye niliyetaka kuzipamba. Mama alituonyesha mtaa mlango kwa mlango, nani alikaa wapi. Akafika kwangu: "Huyu Bilkisi, muke ya Rachid." Nililia kidogo, hilo usiliseme kwa watu.

Basi kikao usikiitishe. Mashine inabaki, na Rachid vilevile.

Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa wako. Mama aliushika muda mrefu. "Huyu Kassim yangu," akasema. "Eko Tenke. Atakuya siku gani?"

Rachid akaniangalia mimi. Nimemwambia Mama utakuja Ijumaa.