Kitabu cha Kijani Nilichokiazima Mara Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu! Naandika tena: mke wangu! Wiki ya tatu hii, na bado kila nikilitamka neno hili midomo inanicheza. Asubuhi alinimiminia chai nikasahau kuinywa. Nilikuwa namtazama akitafuna mkate. Hakuna duniani anayetafuna mkate vizuri kama yeye.

Halafu akaniua.

Alisema Jumamosi maktaba anakofanya kazi ina Siku ya Kusoma, watoto na wakubwa pamoja, na kwamba mkuu wake amekubali pendekezo lake: atakayesimama mbele ya watu kuzungumza juu ya raha ya kusoma ni mimi. Mimi! Akasema tangu aanze kukaa kwenye ile meza ya kuazimisha hajaona mtu wa vitabu kama mimi. Akasema niwaeleze hasa kile kitabu kinene cha kijani. Nilikiazima mara tatu, na ndicho kilichomfanya anikubali.

Nikaikumbuka chai, nikaigida, ikanipalia.

Ukweli ni huu, shajara yangu, na ubaki kati yetu. Mimi sisomi. Tangu nitoke sekondari sijamaliza kitabu hata kimoja. Maktaba nilikuwa nafuata yule dada wa mezani, mwenye kupiga mhuri kama anayebembeleza karatasi. Sasa huwezi kumwendea mtu mikono mitupu, ukasimama tu ukamkodolea macho. Unashika kitabu. Nilishika kinene, nikidhani kinene kitamchukua muda zaidi pale mezani. Cha kijani kilikuwa kwenye rafu iliyo karibu na meza yake. Jalada limechakaa, herufi zimefutika, hata jina lake silijui. Nilikiweka chini ya mto, nikalala, nikakirudisha. Mara tatu!

Siku moja aliniuliza nilikionaje. Nikajibu kwamba shujaa alipokufa nililia, na kwamba nilimwonea huruma sana yule msichana aliyebaki peke yake. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Nilimgusa moyo! Siku ile ndipo nilipojua huyu ni wangu.

Na sasa? Ameolewa na msomaji. Akigundua kwamba ndani ya nyumba kuna muuza magodoro anayelalia vitabu, je, atanitazama tena vile anavyonitazama? Afadhali nimezwe na ardhi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekata shauri: nitakiazima kwa siri na kukisoma chote. Nilimwambia bosi jino linaniuma, nikawaacha wateja wawili wamelala juu ya magodoro ya majaribio, nikakimbia maktaba saa ya mke wangu kwenda kula.

Rafu ina pengo!

Msaidizi wake alisema kitabu kimechukuliwa na fundi saa. Fundi saa! Kaka wa mke wangu! Shemeji Dakika, kama tunavyomwita, maana hawezi kuketi bila kutazama mkono wake. Huyu tangu siku ya posa ananichunguza kama saa iliyosimama. Kwenye harusi aliniuliza mbele za watu siku hizi nasoma nini. Nikasema vingi. Sasa ananitegea mtego. Na mkewe yuko karibu kujifungua! Badala ya kumhangaikia mkewe, ananihangaikia mimi.

Jioni alikuja mwenyewe. Amekonda. Alisema yuko katikati ya kile kitabu na usingizi umemtoka, na amenijia mimi kwa kuwa nimekisoma mara tatu. Akauliza kama kweli maumivu yanakuwa makali namna ile. Nikajua tu: maumivu ya mapenzi. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwambia ni makali mno, ila avumilie, mwisho ni mzuri. Akauliza kama wote wanabaki hai. Nikasema wote, buheri wa afya. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Mwigizaji gani huyu!

Kisha akauliza mwanamume afanye nini saa ile ikifika. Nikamwambia asimwache hata kidogo. Amwimbie sikioni. Na mambo yakizidi, ampandishe farasi watoroke usiku.

Alinitazama sana. Akasema hospitali si mbali, watachukua teksi.

Sikuelewa. Huyu mtu ana mbinu. Wakati wote huo mke wangu alikuwa jikoni akikohoa kama anayekata roho. Nilipompelekea maji machozi yalikuwa yakimtiririka. Alisema ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu, lakini mke kama huyu akisema vitunguu, ni vitunguu.

Baadaye nikakumbuka. Shujaa! Kwa mke wangu nilishamuua, kwa shemeji nimemfufua. Hawa wawili wasikutane wakazungumza kabla ya Jumamosi. Ni ndugu. Wanazungumza kila siku.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya, safi, haina mwanya: sauti imepotea.

Nilianza kwa kukwama katikati ya "habari za asubuhi." Nikajishika koo. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Mke wangu alinifunga skafu yake shingoni. Skafu yake! Ina harufu yake! Kwa skafu hii niko tayari kuwa bubu mpaka uzeeni. Akanipa maji moto yenye asali, akanilaza kama yai, akampigia bosi simu kuniombea ruhusa.

Nikasubiri aseme basi, Jumamosi atatafuta mtu mwingine. Akasema nisijali. Sauti isiporudi, niandike tu ninayoyajua juu ya kitabu cha kijani, atasimama kando yangu na kuyasoma yeye.

Niligeukia ukutani.

Jioni akasema mgonjwa asiyeweza kuzungumza hana raha, basi atanisomea. Akatoa mkobani kitabu cha watoto, chembamba, anachokiandaa kwa Jumamosi. Nilitaka kucheka. Punda! Mtu mzima na ndevu zangu nisomewe habari za punda!

Lakini sikiliza. Huyu punda ana rafiki yake kondoo, ng'ambo ya mto. Baridi imeingia, na kondoo amenyolewa manyoya yote, anatetemeka. Punda amembebea blanketi. Ila kati yao kuna daraja la mbao, na punda tangu utotoni anaogopa daraja. Mke wangu akasoma sauti za wote wawili. Kondoo wake anatetemeka kweli, hadi nikajivutia shuka. Punda anafika. Anatazama maji chini, yanakwenda kasi. Anaweka kwato moja. Ubao unalia krrr…

Akafunga kitabu. Akasema tutaendelea kesho.

Kesho! Na kondoo? Nilifungua mdomo nipige kelele, nikakumbuka mimi ni bubu. Nikaonyesha kwa mikono: kwato, ubao, mto, blanketi. Akasema loo, maskini mume wake anataka blanketi. Akaniletea blanketi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikungoja. Kulipoanza tu kupambazuka nilinyata, nikatoa kitabu mkobani mwake, nikajifungia bafuni, nikaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Amevuka! Punda amevuka! Aligeuka akavuka kinyumenyume, mgongo mbele, ili asiyaone maji! Kondoo ng'ambo ya pili akaona kwanza mkia unakuja, kisha makalio, kisha blanketi, na mwisho kabisa uso wa rafiki yake. Nililia juu ya ile ndoo. Nikarudi mwanzo nikasoma tena. Safari hii nilijua kwamba atavuka, na bado pale kwenye krrr moyo ukanidunda. Hii wameificha wapi miaka yote? Nikasoma mara ya tatu, taratibu, nikitazama picha za maji.

Mke wangu akagonga mlango akiuliza kama niko salama. Nikajibu kwa furaha kwamba amevuka.

Nikajishika koo, nimechelewa.

Basi sauti imerudi. Nilimwambia ni asali. Akasema asali nzuri sana hiyo. Hakuuliza ni nani aliyevuka. Mke mwenye adabu iliyoje!

Kazini nilimsimulia bosi habari za punda. Alianza kwa kunikemea kuhusu jino. Nilipofika darajani aliketi. Mteja mmoja aliyekuwa amelala kwenye godoro la majaribio aliinua kichwa akauliza kwani kondoo alinyolewa na nani, watu wengine hawana huruma. Tukajadili hilo hadi saa ya kula. Hatukuuza kitu.

Ila cha kijani bado. Cha kijani!

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda kwenye kibanda cha Shemeji Dakika na mto mpya wa sponji kama zawadi. Nikamwomba anigawie kitabu kwa jioni moja, nijikumbushe kidogo. Akasema hapana, haiwezekani, amebakiwa na sura ya mwisho na anaihitaji kuliko kitu chochote, huenda usiku wa leo mambo yakaanza. Akasema hata la farasi amelifikiria, ila haoni atampata wapi. Akaangusha parafujo ya saa ya mtu, tukaitafuta sakafuni kwa magoti.

Mto aliuchukua. Kitabu hakunipa.

Nilirudi nikamkuta mke wangu akinipigia pasi shati la kesho, anaimba. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nilikaribia kumwambia yote. Nilikaribia kabisa! Akainua macho akatabasamu, nikamwambia tu kwamba natamani kesho ifike haraka.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai. Naandika hili kwa mkono ulio mwepesi kama pamba.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mbele watoto mkekani, nyuma wakubwa kwenye viti, na bosi wangu kati yao. Mke wangu akanitambulisha kuwa ni mume wake na msomaji wake. Nikasimama. Nikasema kwamba kile kitabu cha kijani… kile kitabu… ni kinene.

Mtoto mmoja wa kike akapiga miayo.

Sijui ilitoka wapi. Nilijikuta nauliza kama wanajua kondoo akinyolewa wakati wa baridi anakuwaje. Wakasema hawajui. Nikatetemeka kama kondoo. Wakacheka. Nikawa punda. Nikafika darajani, nikaweka mguu, nikafanya krrr, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata wakubwa, hata mkuu wa maktaba mwenyewe. Nikageuka. Nikavuka jukwaa kinyumenyume na blanketi la kujifanya mgongoni, nikaanguka kwenye mapaja ya bosi wangu. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Wakataka tena. Bosi ndiye aliyedai kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikawaambia mnaona, hii ndiyo raha yenyewe: unajua atavuka, na bado unasoma tena. Sikuipanga sentensi hiyo, ilinitoka tu. Mke wangu alikuwa akifuta macho, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Ndipo mlango ukafunguka kwa kishindo. Shemeji Dakika! Nywele ovyo, shati limefungwa vifungo kombo, na kitabu cha kijani mkononi. Nikajua kwamba nimekwisha.

Akapaza sauti kwamba amepata binti! Alfajiri! Mama na mtoto wazima, kama shemeji alivyomwambia, wote hai! Akasema usiku kucha hakuondoka pale, alimwimbia mkewe sikioni kama shemeji alivyomfundisha, mpaka wauguzi wakamwomba apumzike. Akanyanyua kitabu. Akasema watu wote wajue: kitabu hiki ni cha wakunga, kinahusu kumtunza mama mjamzito na mtoto mchanga, na shemeji yake alikisoma mara tatu kabla hata ya kuposa. Akauliza ni mwanamume gani mwingine anajiandaa hivyo.

Wakunga!

Ukumbi ukanipigia makofi. Akina mama wakasimama. Shemeji akanikumbatia, akanilowesha bega. Na mimi wiki nzima nilimwita mwigizaji!

Nyumbani nilimtazama mke wangu. Yeye akanitazama. Kisha akaanza kukohoa, na kile kikohozi kikageuka kicheko, akaanguka kitandani, akabingirika. Alisema amejua siku zote. Amejua tangu siku niliyomlilia shujaa aliyekufa ndani ya kitabu cha wakunga. Alijikaza mpaka saa ya kufunga, akafunga mlango wa maktaba, akaketi sakafuni akacheka hadi akaishiwa nguvu. Akajiambia kijana anayehangaika hivi ili asimame mbele ya meza yake hawezi kuachiwa mwanamke mwingine. Na Siku ya Kusoma je? Alitaka tu nisome kimoja. Pale darajani hufunga kitabu kila mara, makusudi. Hajawahi kuona mtu akaweza kungoja kesho.

Roho yangu! Ni kama nimetuliwa gunia la mchanga. Hakuna siri tena! Ameniapisha nisimdanganye tena, nikaapa huku nimeweka mkono juu ya punda. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Ukweli mtupu, asubuhi na jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe alipitia kwetu akitoka kumwona mjukuu. Mzee wa maneno machache. Akatazama vitabu vya mke wangu vilivyorundikwa sakafuni, akauliza kama mimi nina ujuzi wowote wa kutengeneza rafu.

Kabla hajafunga mdomo nilishasema kwamba rafu ndiyo kazi yangu tangu utotoni, na kwamba Jumapili ijayo aje aione, ya ghorofa tano, yenye milango ya kioo.

Jikoni mke wangu akaanza kukohoa. Maskini, kifua chake hiki!

Mzee alipoondoka, mke wangu akaniambia kwa upole kwamba maktaba wana kitabu kizuri cha useremala, na kama nataka ataniletea kesho.

Nikamwambia asijisumbue. Hicho nilishakisoma. Mara mbili.