Shauri la Simu Inayosikia Lakini Haisemi

Kinindo, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwa Mzee Sébastien,
Mkuu wa Baraza la Bashingantahe wa mtaa wetu,
pamoja na wazee wenzako wanane

Kuhusu: kumzuia mke wangu asibadilishe simu ambayo bado inafaa kutengenezwa

Wazee wangu waheshimiwa,

Salamu nyingi na heshima tele. Mimi ni Amur, wa nyumba yenye geti la kijani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Jabe. Nilikuja mbele yenu mara moja tu maishani, katika shauri la maji ya mvua baina yangu na jirani yangu Anouar. Mliniambia nimekosea, nami nikakubali baada ya miezi sita tu. Kwa hiyo mnajua mimi si mtu wa kuwasumbua watu wazima kwa mambo madogo.

Jambo lenyewe ni simu yetu ya mezani, ile isiyo na waya, ambayo mkono wake unatembea nao hadi jikoni na kitako chake kinabaki sebuleni kikinywa umeme, siku ambazo umeme upo. Ina umri wa miaka kumi na mmoja. Kioo cha kuonyesha namba kilizimika zamani, na hakuna aliyelalamika. Sasa, tangu Ijumaa tisa zilizopita, imepata hitilafu nyingine ndogo: anayetupigia tunamsikia vizuri kabisa, hata akimeza mate, lakini yeye hatusikii sisi. Mke wangu Radhia anasema ibadilishwe. Mimi nasema itengenezwe. Tumefika mahali ambapo chai yangu inaletwa bila tangawizi na bila neno, na ninyi mliooa mnajua maana yake. Naomba baraza liketi, litusikilize na kuamua.

Lakini kabla sijahesabu makosa ya mke wangu, lazima niwaeleze habari ya binti yetu Rania, ingawa inaniuma kuiandika. Rania amekulia dukani kwangu. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anaweza kupima bomba kwa jicho. Mwaka jana nilimwita mchoraji aandike juu ya mlango bango jipya: AMUR NA BINTI. Rangi haijakauka, binti mwenyewe ananiambia anakwenda Gitega kufungua duka lake, kwa sababu ofisi za serikali zimehamia huko na watu wanajenga. Alinieleza kwa adabu, hilo sitalikana. Mimi nilichemka. Mbele ya wateja wanne, na mchoraji akiwa juu ya ngazi, nikala yamini: wallahi, neno langu halitaingia tena sikioni mwa Rania. Mchoraji aliniuliza kama afute neno BINTI. Nilimfukuza.

Mimi ni mtu wa kiapo, na mpaka leo neno langu halijaingia sikioni mwake. Ila kiapo hakikutaja popote kuhusu neno lake kuingia sikioni mwangu. Hilo naomba mlishike, kwa sababu ndilo msingi wa shauri zima.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Radhia anaisingizia simu kifo. Amesema mbele ya wageni: “Hii telefone imekufa, Amur. Mufu hatengenezwi.” Wazee wangu, mfu hasikii. Simu hii inasikia. Mashahidi wangapi wamekuja mbele yenu wakasema sana bila kusikia lolote? Hii imesikia kila kitu na haijasema uongo hata mara moja. Mimi ningeiamini kuliko Anouar.

2. Juu ya friji yetu kuna boksi. Ndani yake kuna simu mpya isiyo na waya, aliyoileta mwanangu Sami kutoka Dubai bila mtu kumtuma. Kwa wiki saba Radhia hakuligusa hilo boksi, hata kulipangusa vumbi. Wiki mbili hizi amelivalia njuga. Kila nikinywa maji analitazama, kisha ananitazama mimi. Jumatatu nilikuta amekata utepe wake upande mmoja. Huo ni uchokozi. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba huyo huyo anayesema simu ya zamani imekufa, kila Ijumaa kabla ya kwenda kwenye dars ya wanawake huichukua, huhakikisha ina chaji, na huniwekea kando ya kiti changu pamoja na tende tatu. Mwanamke anayemhudumia mfu kiasi hicho ana ajenda, nami sijaijua bado.

3. Fundi Shakuru, mwenye meza yake ya kutengeneza simu na redio pale Jabe, amenivunja moyo kwa wepesi wake. Ili kuonyesha nia njema nilimpelekea simu mwenyewe. Aliifungua, akachungulia, akasema: “Mzee, ni mikro tu, ya kusemea, ndiyo imeharibika. We kunywa kahawa, mi namaliza.” Robo saa! Fundi gani wa heshima anamaliza kazi kabla ya kikombe cha kahawa kupoa? Nilimwuliza kama hawezi kukaa nayo mwezi mmoja au miwili, aifikirie. Akasema: “Apana mzee, hakuna cha kufikiri.” Nilimnyang'anya simu ikiwa bado wazi, nikaifunga mwenyewe kwa utepe mweusi, nikaondoka. Tangu siku hiyo watu wa Jabe wananitazama kwa huruma. Kwa hiyo mtu asije akasema mbele yenu kwamba Amur hataki simu itengenezwe. Nataka sana. Ninachokosa ni fundi mwenye subira.

4. Sasa nafika kwa Rania mwenyewe. Kila Ijumaa saa tisa na robo simu hulia. Radhia huwa yuko dars, kama alivyokuwa kila Ijumaa kwa miaka ishirini. Mimi ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba hupokea simu ya nyumba, maana kioo kimezimika na siwezi kujua ni nani. Nikishapokea nasikia, “Asalam aleikum Mama,” na adabu hainiruhusu kumkatia mtu anayenisalimu. Basi nasikiliza.

Malalamiko yangu hapa ni juu ya maswali anayomwuliza mama yake. Mama yake, wazee wangu, hajui msumari wa bati na msumari wa mbao. Lakini mtoto anauliza: “Mama, mutu akija na nyumba ya vyumba tatu, mi namupa misumari ya bati kilo ngapi?” Ijumaa nyingine: “Mama, simenti yangu inashika maji, niifanye je?” Nyingine tena: “Mama, kuna mukubwa mumoja anataka rangi ya mukopo, ana gari kubwa. Nimupe?” Nilisikitika sana kuona msichana niliyemfundisha mwenyewe amepoteza akili kiasi cha kutafuta habari za saruji kwa mwanamke anayeijua biriani. Siwezi kuacha duka life kwa ujinga huo, hata likiwa duka la mshindani. Nikawa namjibu. Nilimweleza misumari, yenye kofia na isiyo na kofia. Nilimweleza kwamba saruji hailazwi sakafuni. Nilimweleza habari ya wenye magari makubwa, kwa kirefu, na mifano nikampa, na majina nikataja. Yote hayo bila kuvunja kiapo, kwa kuwa neno langu liliingia katika simu na likaishia humo humo.

Nakiri kwamba Ijumaa ya nne nilianza kuvaa kanzu safi kwa ajili ya saa tisa na robo. Kiapo hakikutaja kanzu.

5. Ijumaa mbili zilizopita mambo yaliharibika. Rania akasema: “Mama, kuna mutu. Anaitwa Musafiri, anafundisha hesabu. Wajomba zake wanataka kuja nyumbani, lakini wanangoja neno la Baba, wanataka walisikie kwake mwenyewe. Sasa Baba atasema nini?”

Nilimjibu papo hapo. Nilimwuliza ni mtoto wa nani, anaswali, ana hasira au hana, na kama akihesabu anahesabu kwa vidole. Nikajijibu mwenyewe maswali hayo kwa upande mzuri, nikasema waje. Baadaye Rania akasema, “Aya, Mama,” akakata. Ijumaa iliyopita akauliza tena lile lile, na safari hii nilimjibu kwa sauti hadi mlinzi wa geti akaja kuuliza kama naumwa. Rania hakusikia hata herufi. Akasema wajomba wa Musafiri watangoja mpaka mwisho wa mwezi huu, baadaye watachukulia kwamba baba amekataa. Mwisho wa mwezi ni Jumapili. Yaani keshokutwa.

Nilimwomba Radhia ampelekee binti neno langu kwa simu yake ya mkononi. Mnajua alinijibu nini? “Mi si punda wa kubeba neno la mutu. Simu iko ku friji.” Wazee wangu, mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini na mmoja. Usiku huo sikupata usingizi, na sioni aibu kuwaambia kwamba nililia kidogo, kwa hasira.

Kutokana na hayo yote, naliomba baraza liamue hivi. Boksi la Sami lifungwe kwa muhuri wenu na liwekwe nyumbani kwa Mzee Sébastien, juu ya friji yake. Itafutwe fundi mwenye sifa ya uvivu, iliyothibitishwa na majirani wawili, akabidhiwe simu yetu aitengeneze pasipo haraka, isipokuwa siku za Ijumaa, ambapo airudishe kabla ya saa tisa. Radhia aamriwe kurudisha tangawizi. Na kwa kuwa siwezi kubadilisha simu bila kuvunja kiapo, wala kuvunja kiapo bila kuchekwa na wateja wanne na mchoraji, baraza liwaandikie wajomba wa Musafiri kwamba baba ameshajibu, mara mbili, tena kwa sauti kubwa, na kwamba kosa la kutosikia ni la laini.

Nina hakika mtaona haki iko wapi. Nisalimieni wake zenu, na watoto waliorudi likizo, na mzee wa kona anayeumwa goti, mwambieni nimemwekea ile dawa ya kuchua. Anouar pia msalimieni, maji yake yanapita vizuri.

Wenu katika kudai haki,
Amur wa geti la kijani

Nyongeza, saa kumi kasorobo.

Wazee wangu, someni barua hii kisha muichane. Shauri limekwisha. Boksi nimelifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Na kwa kuwa yamini yangu imevunjika leo, dini inanitaka nitoe kafara ya kulisha masikini kumi, kwa hiyo naomba mnipatie majina ya watu kumi wa mtaa wenye haja ya kweli. Ninyi tisa hamhesabiki, maana nawajua vitambi vyenu, lakini njooni mle. Jumamosi ya wiki ijayo mje tena, mkiwa mmevaa vizuri, maana kuna wageni kutoka Gitega na sitaki kuwapokea peke yangu.

Lililotokea ni hili. Saa tisa na robo simu ililia nikiwa natafuta bahasha. Rania hakuuliza habari za misumari. Alisema: “Baba, siku ya Ijumaa saa tisa Mama anaendaka dars, toka mi nikiwa mutoto mudogo. Unazani nimesahau? Mi najua ni wewe, toka siku ya kwanza. Sijui unanijibu nini, lakini najua unanijibu.” Kisha akakata.

Nilikaa kidogo na kanzu yangu safi. Halafu nikaichomeka ile mpya, nikapiga namba yake, ambayo nilikuwa nimemwapia Radhia kwamba nimeisahau. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa nimepanga maneno makubwa ya siku hii, nitaanzaje, nitamsamehe vipi, atanisamehe vipi. Yote yalinipotea. Nilichosema ni: “Simenti usiiweke chini. Tandika mbao, na usiegemeze ku ukuta.”

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani hata hii ya Dubai ni mbovu. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa sawa: “Baba, laini ni mubaya. Sijasikia. Sema tena.”

Laini ilikuwa safi kabisa, wazee wangu. Nikarudia yote tangu mwanzo, simenti, mbao na ukuta, na mwisho nikamwambia kwamba watu wa Musafiri waje.