Wa Mwisho Kuigusa Kompyuta

Kwa Mkuu wa Idara ya Vibali,
Ghorofa ya pili, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkuu,

KUH: KUSINGIZIWA KUUA KOMPYUTA NA KUHAMISHIWA STOO KWA KOSA HILO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiti chako hakijaanza tena kulia. Mimi ni Katibu Muhtasi wako, yule wa meza ya dirishani. Kwa agizo lako nimetakiwa kuhamia stoo ifikapo Jumatatu, kwa sababu kompyuta ya ofisi huzimika ghafla na kioo chake kugeuka bluu ninapoitumia. Stoo, kama utakavyokumbuka kutokana na siku ile uliyofungiwa humo kwa bahati mbaya, haina dirisha. Sitaki kwenda stoo. Naomba nilitamke hilo mapema, kabla adabu haijanizidi nguvu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika idara yetu kitu kikiharibika, mwenye kosa ni mtu wa mwisho kukigusa. Hakuna aliyeiandika kanuni hii, lakini inaheshimiwa kuliko zote zilizobandikwa ukutani. Gari la ofisi lilipogoma kuwaka, aliyepewa onyo ni mfagizi aliyekuwa amelipangusa vumbi. Bomba la chooni lilipopasuka, mwananchi aliyekuja kuulizia kibali cha uzio alilazimishwa kuandika maelezo. Sasa kompyuta ni moja, na kuchapa ni kazi yangu, kwa hiyo wa mwisho kuigusa nitakuwa mimi mpaka nistaafu. Mama Mhasibu, ambaye huigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, ametangaza mbele ya watu: "Mimi mbona haijawahi kunizimikia? Wengine mikono yao mizito, jamani." Imeniuma, Mkuu. Mikono hii ndiyo iliyokuchapia hotuba zako zote, pamoja na ile uliyopigiwa makofi.

2. Ili kujisafisha nilimwendea Fundi wetu wa kompyuta, yule bwana mpole ambaye bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na kwa hiyo hakuna anayemsikiliza. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia, "Dada, si wewe. Tutaithibitisha." Alinieleza kuwa kompyuta inapozimika vile huandika faili la ajali, yaani yale yote yaliyokuwa kichwani mwake wakati ikikata roho, na kwamba ipo programu ya kulisoma faili hilo na kumtaja muuaji. Nilifurahi kupita kiasi. Tukaiweka hiyo programu, ikafunguka vizuri, ikatuuliza faili liko wapi. Halikuwapo. Fundi akachungulia kwenye mipangilio, akakuta mtu ameiamuru kompyuta kwamba ikizimika isiandike chochote. Ni nani aliyeamuru hivyo hatujui. Nilipomuuliza Mama Mhasibu, alijibu kwamba kosa lisilo na mtu wa mwisho si kosa.

3. Tukabadilisha mipangilio, kompyuta ikafa, na faili likakosekana vilevile. Safari hii diski ilikuwa imejaa pomoni. Imejaa nini? Video za harusi ya binti yako, ulizoagiza zihifadhiwe mahali salama. Hongera sana, Mkuu. Nilizitazama zote, kwa nia ya kikazi tu, ili nione ipi inaweza kufutwa, na ninathibitisha kuwa ile unayocheza peke yako haina kasoro yoyote isipokuwa urefu. Hatukufuta hata moja. Tulizihamishia kwenye diski ndogo iliyomo ndani ya droo yangu. Droo hiyo nayo inatakiwa kuhamia stoo Jumatatu, na unyevu wa mle unaujua mwenyewe.

4. Hatimaye faili likapatikana. Programu ikalisoma, ikatoa namba tupu, kioo kizima. Fundi akasema hiyo ni kwa sababu hatujaionyesha yalipo majina ya vitu vilivyomo ndani ya kompyuta, na majina hayo hupakuliwa mtandaoni. Akaandika njia ya kuyafikia, ikakataa. Akafuta, akaandika upya, ikakataa. Asubuhi yote tulikuwa tunaitukana njia hiyo kwa sauti ya chini, mpaka alipogundua kuwa ameacha nafasi mahali pasipotakiwa nafasi. Pengo tupu, Mkuu, ndilo lililotukwamisha! Sikushangaa sana. Katika idara hii nimewahi kukwamishwa na maofisa wa namna hiyo.

5. Kila kitu kilipokaa sawa, kompyuta ikagoma kufa. Iliyokuwa ikizimika hata nikipiga chafya, sasa ikawa nzima kama bibi harusi. Tulifungua programu zote kwa pamoja, haikutikisika. Tuliisema vibaya, ikazidi kunguruma kwa raha zake. Ofisi nzima ilikuja kutazama, wananchi wakaachwa kwenye foleni, na mmoja wao akauliza kama hiki ndicho kitengo cha vibali au ni msiba. Ndipo Fundi akasema, "Hebu chapisha karatasi yoyote." Nikabonyeza kitufe cha kuchapisha, na palepale ikafa kifo kizuri cha bluu, faili likaandikwa lote. Nilipiga vigelegele. Mama Mhasibu ameviorodhesha vigelegele hivyo katika taarifa yake kama ushahidi dhidi yangu.

6. Hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Programu ilisoma faili, ikafikiri, ikamtaja mwenye kosa: kiini cha mfumo. Nilitaka kwenda kukitafuta hicho kiini nikakitemee mate. Fundi akanizuia. Alisema kiini ndicho kinachoendesha kila kitu humo ndani, kwa hiyo ajali yoyote ikitokea lazima kikutwe hapo. Kimetajwa tu kwa kuwa ndicho kilichokuwa na kazi mkononi mambo yalipoharibika. Nilikaa chini, Mkuu. Machozi yalinilengalenga. Nimetafuta shahidi mpaka tumboni mwa mashine, na humo pia nimeikuta kanuni yetu ya mtu wa mwisho! Kiini ni Katibu Muhtasi mwenzangu. Kinachapa, kinatumwa, kinasingiziwa.

7. Fundi alipolichimba faili kwa undani zaidi, alianza kukishuku kiendeshi cha printa, yaani kale kaprogramu kanakoiunganisha kompyuta na printa. Akaomba ajali moja tu ya mwisho ili awe na uhakika. Wewe hukusubiri. Ulipoletewa taarifa ya kwanza uliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kiini kiondolewe mara moja. Katibu aeleze alikileta lini." Nimelisoma agizo hilo mara nyingi na sijapata mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo, Mkuu, naomba kwa heshima zote kanuni ya mtu wa mwisho ifutwe leo hii, na ifutwe kabisa, kwa wanadamu na kwa mashine. Kama haitafutwa, basi itumike kwa haki. Wa mwisho kuigusa bajeti iliyopotea ni nani? Wa mwisho kuufunga mlango wa stoo siku ile ulipokuwa ndani ni nani? Wa mwisho kumshika mkono binti yako kabla hajaolewa na yule kijana unayemlalamikia kila Jumatatu ni nani? Naomba pia kiini kiombwe radhi kwa maandishi. Na kwa kuwa hakuna mtumishi aliye salama, naomba kila mmoja wetu awekewe faili lake la ajali, ili akianguka kazini isemwe alikuwa akiwaza nini, badala ya kuulizwa alikuwa amekaa kiti cha nani.

Nifikishie salamu kwa mama wa nyumbani, kwa bibi harusi, kwa mlinzi wa getini, na hata kwa Mama Mhasibu, nikimtakia vidole vyepesi siku zote.

Mimi wako mtiifu, ambaye hadi anaandika haya bado anaona jua,

Katibu Muhtasi,
Meza ya dirishani.

Nyongeza (kwa mkono): Karatasi hii ilipotoka tu kwenye printa, kioo kikawa bluu. Ninayo furaha kukujulisha kwamba aliyebonyeza kitufe cha kuchapisha ni Fundi. Nilimwomba anisaidie, akakubali bila kuuliza, nami nilisimama kando nikiwa nimefumbata mikono, na Mama Mhasibu ni shahidi. Kwa sababu hiyo naomba ombi langu la kufuta kanuni lisishughulikiwe kwa sasa. Ni kanuni ya siku nyingi na ina hekima yake. Fundi ni mtu mpole, stoo ataizoea. Barua anakuletea yeye mwenyewe.