Mwalimu Hazami

Leo nimeaibika, kando ya ziwa, mbele ya watu. Naandika bado nina hasira. Atakayecheka kwenye hii grupu ya wachezaji wa zamani, namtoa. (Msimamizi ni mimi, msisahau.)

Mnajua nilipowekewa nyonga ya chuma kule Bujumbura, docta alinikataza mpira. Beki wa kushoto miaka ishirini, basi, kwisha. Lakini akasema nitembee, nipande baiskeli, niogelee. Nimetii. Miezi saba sasa kila asubuhi naingia ziwani hapa Kilibula. Fimbo nilishaitupa. Natembea hadi Kavimvira na kurudi.

Kinachonikera ni watu. Kanisani wananikimbizia kiti. Shuleni wananibebea chaki. Chaki, jamani. Shemeji yangu ameniuliza kama ndani haishiki kutu.

Leo ni sikukuu ya uhuru, lakini defile, lile gwaride la kila mwaka, haikuwepo. Waasi wako karibu, mji una wasiwasi, kwa hiyo watu wamejaa kando ya ziwa bila kazi. Hilo sikulifikiria. Mke wangu Furaha alinisindikiza. Nikavua suruali, nikabaki na kaptula, yeye akaenda sokoni.

"Ungojee nirudie," akasema.

Nikaogelea vizuri sana. Nilipochoka nikalala chali juu ya maji, macho nimefumba, masikio yakiwa ndani ya maji. Sikusikia kitu.

Kumbe Mama Neema, yule anayeanika visamaki vya ndagala pale, ameniona sitikisiki. Nimesimuliwa baadaye alivyopiga kelele: "Mwalimu anazama! Ile chuma inamuvuta chini!" Askari mmoja akashika bunduki, akauliza, "Ni muntu ao ni muasi?" Wakamjibu, "Ni mwalimu, iko na chuma mu nyonga." (Sijui kama jibu hilo lilimtuliza.)

Mimi nilishtukia nimekamatwa. Wavuvi wawili, mmoja kwapani, mwingine mguuni. Na mguu wenyewe ni ule ule.

"Achia mguu! Nyonga itatoka!"

Wakaona natapatapa, wakavuta zaidi. Wakaniburuta mpaka mchangani, kaptula imeshuka nusu. Nikajikagua. Nyonga iko mahali pake. Nikainuka, nikapandisha kaptula, nikamgeukia Mama Neema.

"Nani alikuambia minye nazama?"

"Nilikuona hautikisike, mwalimu."

"Nilikuwa napumzika. Minye si mugonjwa. Weye angalia ndagala yako. Sihitaji musaada wa muntu."

Akaokota ungo wake. Nikaamua kuondoka na heshima yangu.

Sasa suruali iko chini, mchangani. Docta amenikataza kuinama sana, na kila siku Furaha ndiye hunivalisha. (Hili mlikuwa hamlijui.) Kuvua ni rahisi, inaanguka yenyewe. Kuvaa ni kazi ya watu wawili. Nikajaribu kuinyanyua kwa vidole vya mguu. Ikapanda kidogo, ikaanguka. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nusura nianguke mimi. Nikatazama njia ya sokoni, Furaha hayupo. Yule askari akageuza uso pembeni kwa kunihurumia, na hiyo iliniuma kuliko kukokotwa.

Mama Neema akaweka ungo wake chini. Akaja, akapiga magoti mbele yangu, akafungua suruali.

"Leta mguu ya chuma kwanza," akasema.

Ningefanya nini? Nikashika bega lake, nikaleta. Kisha ule mwingine. Akavuta suruali mpaka juu, akafunga kifungo, akanipangusa mchanga kama mtoto mdogo wa shule ya maternelle. Watu wote hawa, na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Hasira yote niliyokuwa nayo kwa wale watu, nikaiona imenigeukia mimi mwenyewe.

"Aksanti," nikasema.

"Kesho unakuya saa ngapi?" akauliza. "Nijue, nisipige kelele."

Nimemwambia saa moja. Kwa hiyo nyinyi mnaokaa karibu na ziwa, kesho saa moja mtazame milimani, si ziwani.